Firigisi ya Mgeni

Nabwile alipitisha mwiko tena kwenye mchuzi, taratibu, mpaka ukagusa chini ya sufuria. Mapaja yalikuwepo, mabawa, shingo, hata miguu aliyoibabua vizuri kwa moto. Firigisi haikuwepo.

Sebuleni, wageni waliotoka Malakisi kuposa walikuwa wananawa mikono. Mzee wao, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeandaliwa kuku mwaka jana alipokwenda kuposa kule Tongaren, akatafuta firigisi ya mgeni wa heshima, akaikosa. "This home is lacking," alisema, yaani nyumba hii imepungukiwa, akachukua kofia yake. Posa ikafia hapo. Sasa hata wasiojua Kiingereza kingine wanalijua neno hilo. Hapa Kiminini, mama akichelewesha chai anaulizwa, "Ama na wewe ni lacking?"

Nabwile aliweka mwiko chini. "Nani amefungua sufuria yangu?"

Binti yake, huyo anayeposwa, alikuwa ameegemea mlango. Alivaa leso mpya, na mafuta ya mchuzi yalimng'aa kidevuni.

"Ni mimi, mama."

"Si unajua hiyo ni ya mzee?"

"Najua." Hakuinamisha macho. "Nilisema simtaki huyo anayeniposa, mkasema ati nitazoea."

"Nabwile," mumewe aliita kutoka sebuleni, "wageni wameshanawa, bana."

Nabwile alimfuta binti yake kidevu kwa kidole gumba, polepole, mpaka kikakauka. Kisha akapakua kuku, akafunika bakuli, akalibeba hivyo hivyo kwenda sebuleni.