Mpaka Jua Lilipuke

Jabir alikuwa kalala kifudifudi nyuma ya banda la kuku la Mzee Kificho, kakumbatia mashine yake ya kuchomelea vyuma, na jogoo kamsimamia mgongoni. Mapenzi haya, jamani.

Shida ilianza siku ya kumposa Laila, binti wa Mzee huyo. Mzee Kificho, fundi redio mstaafu wa Makangale, ana antena uani kwake ya kusikilizia jua. Jua likilipuka, redio yake huunguruma, na satelaiti huko angani huziona eksrei, miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Sasa Nyange, mjomba wa Jabir, mtu asiyejua kuufunga mdomo wake, akauliza mbele ya wazee kama ile ni chanja ya kukaushia pweza.

Mzee akapandwa na hasira. "Wallahi, Laila haolewi mpaka jua lilipuke, redio yangu ilisikie, na satelaiti nayo ione eksrei zake."

Tangu hapo jua likanyamaza kimya. Miezi ikapita. Jabir akakonda. Bi Mwatima, mama yake Laila, akawa hampikii mumewe ila muhogo mkavu. Kila aliyemsihi Mzee alegeze alijibiwa kwamba kiapo ni kiapo.

Laila ndiye aliyekumbuka kuwa cheche za kuchomelea nazo huifanya redio iungurume.

"Na eksrei je?" Jabir aliuliza.

"Zile hazifiki chini huku. Satelaiti ndiyo inayoziona, baba anazitazama kwenye simu."

"Basi tumekwisha."

"We choma tu. Mengine tumwachie Mungu."

Jabir akajificha nyuma ya banda la kuku, akachoma. Barazani, Mzee Kificho alikuwa akinywa kahawa na Shehe Ahmada. Redio ikaunguruma kama mvua ya masika juu ya bati. Mzee akaruka, kahawa yote ikamwishia kwenye kanzu.

Akatoa simu. Akaitazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Laila, pale mlangoni, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Zimepanda," akasema Mzee. "Eksrei zimepanda mpaka juu kabisa."

Nyuma ya banda, Jabir alisikia vigelegele vya Bi Mwatima akashindwa kuamini. Kumbe jua limewaonea huruma, limelipuka kweli, na saa ile ile! Akamkumbatia jogoo akalia.

Mzee hakutaka hata kungoja wiki. Akatuma watu wakamwite Nyange na mashahidi, na baada ya sala ya Alasiri Shehe akafungisha ndoa.

Wageni walipokuwa wanakula, Laila aliazima simu ya baba yake awapigie shangazi zake wa Wesha. Ule mchoro wa eksrei ulikuwa bado umefunguka. Mstari ulikuwa umelala chini, umenyooka, tangu alfajiri mpaka dakika ile.

"Hebu izime hiyo, mwanangu," baba yake akamnong'oneza. "Shehe bado hajaondoka."