Shahidi wa Zamaradi

Siku hizi neno la siri peke yake halifungui kompyuta ya ofisini. Kila asubuhi mfumo humpigia simu mtu wa nyumbani kwako, ukamuuliza jambo lako la jana. Zamaradi, aliyefiwa na mumewe, hakuwa na wa kumjibia. Siku tatu alikaa akitazama skrini iliyofungwa.

"Huna hata jirani, shoga?" mwenzake alimuuliza.

"Sina."

Siku ya nne mfumo wenyewe ulimtafutia shahidi. Sauti ya mwanamke asiyemjua ikapokea simu.

"Jana alikula nini?"

"Wali na mchicha. Alipakua sahani mbili kama kawaida yake, akala moja."

Kompyuta ikafunguka.

Mapazia ya Zamaradi hayakuwa yamefunguliwa tangu matanga. Jioni ile aliyakagua yote, akatia komeo mlangoni, kisha akapakua sahani tatu.