Kitana na Kitambaa Cheupe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shangazi alipitisha kitana kwenye nywele za msichana, akakifuta kwenye kitambaa cheupe. Hakukuwa na chawa hata mmoja.

"Umepona, mwanangu! Leo unakimbia!"

Msichana aliruka. Kila alipopakwa dawa chawa walirudi, na mwalimu alishasema mwenye chawa hapandi basi la mashindano ya mbio.

Shangazi alifungua mikono amkumbatie. Msichana akarudi nyuma.

"Ngoja kwanza, shangazi. Mimi ninalala na nani?"

Shangazi alifungua kilemba, akainama. Msichana alipitisha kitana mara moja tu, akakifuta. Kwenye kitambaa, chawa mnene alianza kutembea.

"Kumbe mwizi ni mimi!" shangazi aliangua kicheko. "Toka hapa, usiniguse!"

Basi lilipiga honi. Msichana alimpungia mkono akiwa mlangoni, akatimua mbio.