Mlango wa Kijani

Hivi wewe, ukifungua mlango wa gari lako, unakusalimia kwa sauti ya nani? Wangu ulikuwa ukinisalimia kwa sauti yangu mwenyewe, maana ninaishi peke yangu. Ulipogongwa nikaenda kwa Mwinjuma, muuza spea, akanipatia wa mtumba, wa kijani, bawaba zikakaa sawasawa. Nilipoufungua ukasema kitoto, “Shikamoo, bibi! Umeniletea visheti?”

“Hiyo sauti ya wenyewe wa zamani,” akasema Mwinjuma. “Sheria inataka niifute, halafu uufundishe sauti yako.”

Mimi nilikuwa nimeshaitikia, “Marahaba, mjukuu wangu.”

Akacheka. “Bibi, unaitikia bati?”

Nikashika kitasa, nisijue pa kutazama.

“Usimfute, baba,” nikamwambia. “Miaka yote hii nilikuwa natamani mtu wa kuniamkia.”