Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

Fundi wa maabara aliyachemsha maji mara mbili, akatia chumvi ya iodini na wanga kidogo, akaijaza chupa mpaka mdomoni na kukaza kifuniko. Hewa yote nje. "Sasa tuone, mwizi mkubwa we!" alisema, na chumbani hamkuwa na mtu.

Miaka sita! Miaka sita ameinamia beseni la mashine inayopiga sauti kali mno, hata sikio la mtu haliisikii. Wenzake walimtania kwa jina la Mama Povu, na kweli povu alilijua. Sauti ile huzaa vipovu majini. Kila kipovu kikijikunja ghafla, ndani yake huwaka joto kushinda tanuri, na joto hilo huvunja sumu za viwandani. Lakini maji yasiyo na hewa hayana vipovu vya maana. Kipimo cha hewa inayofaa alikigundua yeye, si Profesa. Profesa kazi yake ilikuwa kupita mikono mfukoni: "Endelea, mama, endelea."

Halafu juzi akaikuta ripoti mezani kwa Profesa. Akafungua ukurasa wa wasaidizi, pale jina lake lilipokaa kila mwaka. Limekatwa kwa kalamu nyekundu.

Kumuuliza? Thubutu! Profesa hatamki jambo kabla halijaiva. Wiki iliyopita alisema tu, "Niletee nakala za vyeti vyako. Na siku ya jopo uvae vizuri, ukae mbele." Vyeti vya nini, kama si kumtafutia kasoro? Na akae mbele ashuhudie anavyoibiwa! Mchumia juani hulia kivulini, sawa. Huyu jua hakuliona hata siku moja, kivuli anakitaka cha nini?

Jopo lilifika saa nne asubuhi, watu watatu, kuamua nani aongoze maabara mpya. Profesa akaizamisha chupa kwenye beseni.

"Dakika tano tu," aliwaambia, "na maji haya yatageuka buluu bila kuongezwa kitu. Mtaona kazi ya vipovu kwa macho yenu."

Akawasha. Dakika tano zikapita, maji meupe pe! Zikapita kumi. Profesa akaitoa chupa, akaitikisa, akairudisha. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

Fundi alikaa mbele, mikono ameikunja kifuani. Hasira ilikuwa bado inamchemka, lakini sasa ilikuwa tamu. Aibu ikushike, alisema moyoni, ikushike na isikuachie.

"Chupa nyingine ipo?" Profesa alimuuliza.

"Hakuna."

"Una hakika, mama? Hata ya jana?"

"Nimesema hakuna!"

Wanajopo wakanong'onezana. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani mizito, akafunga faili.

"Profesa, barua yako ilitupa hamu kubwa. Lakini tumekuja kuona, na hatukuona kitu. Maabara itakwenda kwa wengine."

Profesa akaizima mashine. Akaketi kama mtu aliyefiwa. Fundi nusura acheke kwa sauti.

Ndipo mwenyekiti akamgeukia yeye, akampa mkono.

"Pole sana, mama. Profesa alikataa katakata kugombea, akatuapia kwamba kazi yote ni yako na maabara ile haimfai mtu mwingine."