Ufunguo wa Choo

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, karatasi ya maabara ilionyesha matokeo yaleyale ya mara tatu zilizopita: mkojo hauna bakteria.

Khavere alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa mwaka mzima mkojo ulikuwa ukimchoma. Alimeza antibiotiki na kujiosha kwa sabuni ya dawa.

"Hedhi ikikoma, homoni hupungua," muuguzi alisema. "Ngozi ya ukeni hukauka, na njia ya mkojo pia. Acha hiyo sabuni. Utatumia krimu hii ya homoni, huko ndani."

"Kwa hivyo si choo?"

"Choo gani, mama?"

Ufunguo wa choo cha ghorofa ya tatu ulikuwa umening'inia kwa kamba shingoni mwa Khavere. Alikitia kufuli mwezi Februari, akamwambia jirani yake, Mama Jacky, mbele ya wapangaji wote kwamba ndiye aliyemwambukiza kupitia choo hicho walichoshiriki. Tangu hapo jirani hutumia choo cha chini.

Saa tano Khavere alimkuta kwenye ngazi akishuka, mtoto mgongoni.

"Mama Jacky, ngoja."

"Leo nimekuambukiza nini tena?"

Khavere alivua kamba shingoni. "Hukuniambukiza. Shika."

Jirani aliutazama ufunguo, akakaza leso aliyombebea mtoto, akaendelea kushuka.