Mtoto Asiyepakatwa

Lembris aling'ata na hakuachia. Marsela akapiga yowe, uji ukamwagika mkekani, watoto wengine nao wakaanza kulia kwa kuambukizana tu. Ilibidi Dorkasi, msaidizi, ambane mashavu ndipo meno yakatoka kwenye mkono wa mwenzake.

Mwalimu Martha alimwosha Marsela kwa maji ya uvuguvugu. Kisha akachuchumaa mbele ya Lembris mpaka macho yao yakawa usawa mmoja.

"Meno ni ya kula," alimwambia taratibu. "Marsela ameumia. Ukikasirika, sema."

Lembris hakuwa ametimiza miaka mitatu. Alinyoosha mikono abebwe. Martha akainuka, akaenda kukunja mkeka.

"Tungemtia pilipili mdomoni angekoma leo leo," Dorkasi alisema.

"Hapa hatutii watoto pilipili." Sauti ya Martha haikuwa na ukali wala huruma.

Dorkasi alikuwa mgeni pale. Alitoka Rhotia kila asubuhi, akafika watoto wameshajaa, na jioni aliondoka mapema kuwahi usafiri. Hata hivyo alishaona kwamba kituo kile cha kulelea watoto, pale Karatu mjini, kilisimama kwa sababu ya Martha. Akina mama waliokwenda kazini hotelini au sokoni walimkabidhi watoto wao bila wasiwasi. Anayelia alinyamaza kwake, mgomvi alitulia kwake. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado mlangoni, aliwapakata kwa zamu mmoja baada ya mwingine.

Wote isipokuwa Lembris. Huyo hata akianguka, Martha aliita Dorkasi amwinue. Ilichukiza kutazama.

Mama Angelina, mwenye kituo, hakupenda watoto wahukumiwe haraka. "Mtoto hang'ati bure," alishawaambia tangu mara ya kwanza. "Tazameni kinachotangulia."

Wakatazama, na jibu halikuchelewa. Lembris hakugombea mpira wala kijiko. Aling'ata kila mtoto aliyekuwa kwenye mapaja ya Martha.

"Basi si umpakate na yeye, mwalimu?" Dorkasi aliuliza siku ile ya Marsela. "Dawa yenyewe si ndiyo hiyo?"

Martha alimtazama Mama Angelina.

"Hapana," Mama Angelina alisema. "Tulikubaliana tangu siku ya kwanza. Akipakatwa mara moja hatashuka tena, na hawa wengine watakuwa wa nani? Nilishakuwa na mwalimu wa upendeleo hapa. Wazazi waliona, wakahamisha watoto wao."

Jioni ile Doreen, mama yake Marsela, alikuja akiwa bado na sare ya hotelini. Aliukunjua mkono wa bintiye, akaona alama za meno.

"Huyo mtoto hana mama?" alifoka. "Nataka nimwone huyo mama, nimuulize analea nini!"

Mama Angelina aligeukia dirishani.

"Samahani sana, mama Marsela," Martha alisema.

"Wewe samahani ya nini, mwalimu? Wewe unahangaika tu na watoto wa watu. Aondoke, ama sivyo mimi namtoa wangu, na wenzangu wa hotelini watawatoa wa kwao."

Alipokwisha kuondoka, Mama Angelina alifunga mlango, akamtupia jicho Dorkasi aliyekuwa bado anatafuta mkoba wake.

"Najua baba yake amefariki juzijuzi tu," alisema. "Najua mtoto anaumia. Lakini kituo kikifungwa tutakula nini sote? Aende Endulen kwa bibi yake. Ukoo wa baba unamtaka tangu msiba. Mama yake hana kweli mtu wa kumwachia akiwa kazini?"

"Hana."

"Basi naamini ataelewa."

"Ameelewa," Martha alisema, akachukua ufagio.

Bibi alipelekewa habari, akajibu kwamba atakuja mwisho wa wiki. Na siku hizo chache zilizobaki, Lembris akabadilika. Martha alipompakata mwingine, yeye alikaa ukutani akitafuna mkono wa sweta lake. Hakumsogelea mtu. Hakunyoosha tena mikono.

"Ameacha!" Dorkasi alifurahi kweli. "Mwalimu, umeweza! Sasa si tumwombee abaki?"

"Mama Marsela ameshaahidiwa," Martha alisema.

Alimtazama mtoto pale ukutani, akangoja uchungu uje. Haukuja. Ndani yake kulikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Akamalizia kumlisha aliyekuwa mapajani.

Bibi alifika na gari la asubuhi kutoka Endulen, amejitanda shuka, na kibuyu cha maziwa begani. Martha alimwamkia. Akamvika Lembris kofia, akamfunga vifungo vya sweta mpaka shingoni, akavifungua, akavifunga upya. Dorkasi alileta mfuko wa nguo, akarudi ndani kwa watoto. Getini wakabaki wao watatu.

"Usiwe na mawazo, Martha," bibi alisema. "Maziwa yapo, watoto wa kucheza naye wapo. Barabara ikikauka, utakuja umwone."

"Nitakuja."

Dereva alipiga honi. Bibi akamshika mjukuu wake mkono.

"Haya, Lembris. Muage mama yako."

Lembris aliinua uso, akamtazama Martha. Mikono yake ilibaki palepale chini.

"Kwaheri, mwalimu," alisema.